Ng'ombe Akitishwa Hukimbilia Kwao

Walisema sitaweza kuchunga hata ng'ombe waliofungwa kamba. Walilisema hilo mbele ya mama yangu, jioni ambayo ng'ombe wa baba walirudi nyumbani peke yao, wamefuatana vizuri, wakaingia zizini wenyewe, na mimi mchungaji wao nikafika baadaye nikilia. Nilikuwa nimelala malishoni. Maduhu, ambaye siku hizi ni Mzee Maduhu lakini wakati ule alikuwa kijana wa jirani mwenye mdomo mrefu, alisimama kwenye mlango wa jiko la mama akasema, "Mayu, kesho waambie ng'ombe wamchunge huyu. Wao angalau wanajua njia."

Mimi si mtu wa kinyongo. Nimeyakumbuka maneno yale miaka yote ya kazi kwa sababu moja tu: kitaalamu yalikuwa sahihi.

Vijana wa idara ya mifugo mliobaki kazini, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu. Vyeo vyangu nitaviruka. Mnavijua, maana nilikuwa nikivitaja. Nitasema jinsi mtu aliyechekwa na ng'ombe alivyokuja kuwaelewa kuliko mtu yeyote katika mkoa wa Simiyu. Kama yupo mwingine anayewaelewa zaidi, hajawahi kujitokeza.

Niliondoka kwetu nikaenda Dar es Salaam, nikapata kazi machinjioni. Nilikuwa naosha vichwa. Kichwa kinakuja na damu, unakiosha, unakipanga, kinakuja kingine. Kwa maji hayo nilijisomesha mpaka nikapata stashahada ya afya ya mifugo. Sikusomeshwa na mjomba, wala na mbunge, wala na kanisa. Nilipopangiwa kazi Bariadi nilisafiri na stashahada yangu kwenye fremu ya kioo, nimeipakata ndani ya basi, na abiria wawili waliniuliza kama ni picha ya marehemu.

Siku ya kwanza nikaripoti kwa mkuu wangu, Daktari Mwanaidi, mwanamke wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya upole na maneno yasiyo ya upole. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Umekuja na nini?"

"Na stashahada, Daktari."

"Hiyo naiona, imeziba dirisha. Nauliza mabuti ya mpira."

Sikuwa nayo. Akaniazima ya kwake, yakanibana vidole, akanipeleka machinjioni nikiwa nachechemea. Nilifurahi moyoni, nikajua hapa sasa nitamwonyesha. Akaagiza kichwa cha ng'ombe, akaomba shoka, akapasua fuvu kwa adabu kama mtu anayepasua nazi nyumbani kwao. Nilikuwa nimeosha vichwa vya ng'ombe kwa miaka, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza vilikuwa vinafikiri nini.

Ndani kabisa akanionyesha kitu kilichopinda kama pembe ya kondoo dume. "Hapa ndipo mnyama anapoweka ramani," akasema. "Zimo chembe zinazoamka akiwa mtoni, nyingine akiwa langoni, nyingine akiwa kwenye kivuli chake cha mchana. Humwelekezi njia, anayo." Akachokoa kipande kingine, kidogo kama kokwa ya ukwaju. "Hii inakumbuka kilichomtisha." Kisha akaugeuza ubongo akagusa vinundu viwili vilivyojificha nyuma. "Na hawa ndio walinzi. Kivuli kikitanuka ghafla juu ya kichwa, hawa hawangoji kujua ni kitu gani. Wanapiga kengele kwanza, maswali baadaye."

Nikaona ni wakati wa kuuliza swali la kisomi. "Kwa hiyo, Daktari, mnyama akitishwa anakimbia mbali na hatari."

"Ewe bwana stashahada," akasema, akijifuta mikono. "Mbali na hatari ni wapi? Mbali ni pande zote. Mnyama akitishwa hukimbilia. Ana mahali kichwani, na miguu yake humpeleka huko hata kama mahali penyewe hapaonekani. Asiye na mahali huganda."

Niliyaandika maneno hayo kiganjani kwa kalamu, kwa sababu daftari nilikuwa nimeliacha ofisini ili mikono ibaki huru kubeba fremu. Yalifutika siku hiyohiyo, lakini yalikuwa yameshaingia.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya Hamisi, mwenye duka la vitambaa pale mjini. Alinunua mbuzi mnadani, akawaweka kwenye uwanja mpya nyuma ya duka. Asubuhi akakuta mbwa wameua wanne. Lango lilikuwa wazi. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyetoka.

"Bwana Mifugo, hawa wamerogwa," Hamisi akaniambia. "Mlango wazi, kifo kinakuja, wao wamesimama kama wanapigwa picha!"

"Wamelala hapa siku ngapi?"

"Waliingia jana jioni."

"Basi ungekimbilia wapi wewe, kwenye mji ambao hujui hata choo kilipo?"

Hamisi akafikiri. "Ningekimbilia msikitini."

"Msikiti unaujua. Wao hawakuwa na msikiti."

Nilimwelekeza ajenge kibanda kidogo pembeni, awalishie humo ndani, awaache watoke na kuingia mpaka wazoee. Mbwa waliporudi, mbuzi waliingia kibandani kwa mkupuo mmoja, na Hamisi akatangaza mji mzima kwamba nina dawa. Sikumkanusha kwa nguvu. Vijana, si kila uongo wa mteja lazima uupinge.

Kwenye mnada nilijifunza jambo jingine. Ng'ombe aliyeletwa kwa miguu ana njia nzima kichwani: korongo, kichuguu, harufu ya kisima. Aliyeletwa kwa Fuso ana mwanzo na mwisho tu, katikati ni giza na moshi wa dizeli. Kwa hiyo mnunuzi akija ofisini kusema ng'ombe wake mpya ametoroka, swali langu la kwanza halikuwa la rangi wala la alama. Niliuliza alikujaje. Akisema kwa miguu, nilimwambia arudi kwa aliyemuuzia. Wenzangu walikuwa wakitoa taarifa polisi, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Ng'ombe wengi walipatikana kwa njia ya chai.

Kuhusu vifaa, sitawachosha. Fimbo yangu ilikuwa na kitambaa mwishoni, ya kuonyesha, na sikuitumia kumpiga mnyama. Nilikuwa na tochi, maana ng'ombe hataki kuingia gizani asikokujua. Na nilikuwa na magoti. Kabla ya kupitisha mifugo kwenye kibanio chochote, ile njia nyembamba ya kuwabana, nilikuwa napita humo kwanza nimeinama, kichwa usawa wa kichwa cha ndama, nikitazama wanachokitazama. Watu walicheka. Nilipotoka upande wa pili nilikuwa najua ni mnyororo upi unaong'aa na ni shimo lipi linatisha, wao walikuwa wanajua kucheka tu.

Kifaa kikubwa kuliko vyote nilikipata siku Daktari Mwanaidi alipostaafu kurudi Tanga. Aliniachia mwavuli wake mweusi, mkubwa, wenye ubavu mmoja uliovunjika. Alikuwa akiutumia kufundishia: unamsogelea mbuzi taratibu, unaufungua ghafla juu yake, kisha unaangalia anakwenda wapi. "Ukitaka kujua mnyama anapaita wapi nyumbani," alisema, "usimwulize mwenye mnyama. Fungua mwavuli."

Miaka ya mwisho ya kazi nilipelekwa kijijini nilikozaliwa, kusini, ambako ukipanda juu ya kichuguu unaona vumbi la Meatu. Wapo waliosema nilisukumwa huko. Niliomba mwenyewe. Nilitaka wanione. Nikajenga nyumba ya bati jekundu ng'ambo ya barabara, yenye baraza na vioo, mahali ambapo kila apitaye lazima aione. Kiwanja cha zamani cha wazazi wangu sikukijenga. Mama alishafariki, jiko lake lilianguka, na pale palibaki uzio wa minyaa tu, na mimi sikuona sababu ya mtu wa daraja langu kujenga kwenye minyaa.

Mzee Maduhu alikuwepo bado, sasa ana mvi, ng'ombe wengi, na mdomo uleule. Tulipokutana nilimsalimu kwa heshima, "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," akaitika. "Umerudi! Ng'ombe wamefika salama?"

Ndipo likaja josho, lile bwawa la kuogeshea ng'ombe dawa. Kupe walikuwa wengi, ugonjwa wa ndigana kali ulikuwa unamaliza ndama, na kijiji kikajengewa josho jipya. Mkandarasi alijenga njia ya kuingilia iliyonyooka kama rula, ikiishia kwenye giza la paa, na mlango wa kutokea ukitazama porini. Nilimwambia aipinde njia, ng'ombe aone anazunguka kurudi alikotoka, maana huko ndiko anakotaka kwenda, na mlango wa kutokea uelekee majumbani. Akanijibu kwamba mchoro umeshapitishwa, na ng'ombe hawasomi michoro. Nikamwambia tatizo ni kwamba wanasoma.

Kabla ya siku ya uzinduzi wenye mifugo waligoma kuleta ng'ombe. Walisema eneo lile si zuri, ng'ombe wakilikaribia wanarudi nyuma, kuna kitu kimezikwa. Nikawaita kikao. Nilijua kitu kimoja kuhusu watu wetu: ukimwomba mtu ng'ombe mbele ya wenzake, kumnyima ni kutangaza kwamba hana. Nikasimama nikasema, "Sitaki makundi yenu. Niazimeni mmoja mmoja. Akipotea, nitalipa."

Wakaniazima. Kila mmoja alitoa ng'ombe ambaye hata fisi angemfikiria mara mbili. Mzee Maduhu alileta mtamba mweupe mwenye masikio meusi, mwembamba, mwenye macho ya mgeni.

"Huyu umemtoa wapi?" nikamwuliza.

"Zizini."

"Na zizini aliingia kutoka wapi?"

"Langoni," akasema, watu wakacheka. Nikaacha. Hapo ndipo hadithi yote ilipoharibika, na naomba ieleweke kwamba niliuliza.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na mgeni rasmi, viti vya plastiki na turubai la bluu lililofungwa kwa kamba za katani. Ng'ombe wangu wa kuazima walisimama mwanzoni mwa ile njia kama rula, wakigoma. Mgeni rasmi akafika kwenye sentensi inayohusu maendeleo. Upepo ukaja. Turubai likang'oka upande mmoja, likapanda, likatanuka juu ya vichwa vya ng'ombe kama mbingu inayofunga.

Kengele ya Daktari Mwanaidi ikalia katika kila kichwa. Ng'ombe wakavunja uzio wakatawanyika. Na hapa, vijana, nawaomba muangalie binadamu. Mgeni rasmi naye alikimbia, na hakukimbia mbali na ng'ombe. Alikimbia kuelekea waliko, akipita katikati yao, kwa sababu gari lake lilikuwa upande huo. Alifika, akafunga mlango, akafunga na kioo. Hotuba ya Daktari kuhusu ubongo sijapata kuisikia ikielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Wenye ng'ombe wakanizunguka wakipiga kelele. Nikanyanyua mkono. "Msiwafukuze. Kila mtu aende nyumbani kwake, atamkuta zizini."

Wakaenda, wakawakuta. Jioni walikuja mmoja mmoja barazani kwangu, hawajui kama washukuru au wakasirike. Madeni yangu yalikuwa yanajilipa yenyewe kwa miguu minne. Wa mwisho kuja alikuwa Mzee Maduhu.

"Wangu hayupo, Bwana Mifugo. Au wa kwangu ramani yake haikuchapwa?"

"Nakuuliza tena, baba. Ulimpata wapi?"

Akatazama bati langu, akatazama vioo, akakosa pa kutazama. "Ni wa Minza," akasema.

Minza ni binti yake wa mwisho, aliyeolewa Lingeka, kule Meatu. Mtamba yule alikuwa wa mahari, aliyetembezwa kwa miguu kutoka kwa wakwe. Na wazee wetu wanasema mtamba wa mahari hatolewi zizini kwa mkwe kabla hajazaa. Mzee Maduhu anaijua desturi hiyo, anawafundisha hata wengine. Lakini alitaka kuniazima yule ambaye akipotea hatamuuma, na huyu alikuwa bado hajamzoea.

Tulimtafuta kwa siku kadhaa, mimi nikisema yuko njiani kwenda Lingeka, yeye akisema ameliwa. Kisha simu yake ikaita. Aliweka sauti kubwa kwa sababu hajui namna nyingine. Alikuwa mkwewe, Mzee Nkwabi.

"Maduhu, ng'ombe tumemwona. Tumekuelewa. Kama umerudisha mahari, hukuwa na haja ya kuja usiku kama mwizi. Njoo na wewe umchukue wa kwako."

Akakata. Baadaye kidogo Minza mwenyewe akapiga, anaongea chinichini. "Baba, nimekosa nini? Mama mkwe ameniambia nifunge mizigo. Nimekalia begi uani tangu asubuhi, watu wanapita wananiangalia. Baba, kama kuna kitu ungeniambia mimi kwanza."

Mzee Maduhu alishika simu kwa mikono miwili, na mdomo wake ule, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, haukupata neno. Nikaingia ndani nikachukua mwavuli.

Tulikwenda kwa pikipiki yangu, yeye nyuma, mwavuli katikati yetu. Lingeka tulikuta watu wamekaa tayari, kama msibani. Minza alikuwa pale uani juu ya begi lake, na mumewe, kijana mpole, amesimama mbali kidogo naye kwa umbali ambao baba yake, Mzee Nkwabi, aliupima kwa macho. Hakuna aliyetukaribisha viti.

"Mwadela," nikasema.

Wakaitika kwa shida. Mzee Nkwabi, mtu mrefu mwenye rubega, akaninyooshea kidole. "Wewe ni nani katika jambo hili?"

"Mimi ni mtaalamu," nikasema. "Ng'ombe alikuja peke yake."

"Peke yake! Kutoka kwenu mpaka hapa, akiuliza njia?"

"Mlimpeleka kwa miguu. Njia alikuwa nayo. Alitishwa, akakimbilia kwao."

"Sikia, mtaalamu. Angekuja mwenyewe angeingia langoni. Lango langu hilo hapo, halina mlango, mbuzi wanaingia na kutoka. Tulimkuta alfajiri upande ule wa nyuma, pua imegusa miiba, mahali pasipo na kitu. Ng'ombe gani anarudi nyumbani akasimama ukutani? Ameletwa, akatupwa pale kwa dharau. Na aliyemtupa labda amefukia na kitu."

Watu wakaguna wakikubali. Mzee Maduhu akashusha kichwa. Lakini mimi, ninawaambia ukweli, nilihisi furaha ya pekee, ile ya mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Mzee Nkwabi," nikasema, "siku mlipomtoa mtamba huyu kumpeleka kwa Maduhu, lango lilikuwa wapi?"

Akajibu Minza, pale juu ya begi. "Lilikuwa kule nyuma. Baba mkwe alilihamisha wiki niliyokuja."

"Kwa nini lilihamishwa?"

Mzee Nkwabi akakohoa. "Mganga alisema. Mali ikishatoka, lango lihamishwe, waliobaki wasifuate nyayo za waliotoka."

"Basi Maduhu alipokuja hapa kwenye sherehe alipita lango gani?"

"Hili jipya."

"Na mtu yeyote ambaye Maduhu angemtuma angemwambia aingie lipi?"

Mzee Nkwabi akaligeukia lango jipya. "Yupo mmoja tu ambaye hajui kwamba lango lilihama," nikasema, "kwa sababu siku lilipohama alikuwa ameshaondoka."

Niliona maneno yangu yametua. Lakini Mzee Nkwabi hakuwa mtu wa kubebwa na maneno. "Hayo ni mahesabu ya mjini," akasema. "Nionyeshe. Mtoe nje, mtishe. Akiingia langoni, mtamba analijua lango, basi aliletwa, na huyu binti anapanda pikipiki yako. Akienda kule miibani, nitakaa chini."

Mzee Maduhu akanishika mkono. "Bwana Mifugo, amekaa hapa siku mbili. Kama ameshalijua jipya?"

Lilikuwa swali zuri, na nilitamani asingeliuliza. Nikauliza kama walimpeleka malishoni tangu afike. Wakasema hapana, alivushwa juu ya uzio mahali palipolala, akafungwa kamba mle ndani akisubiri mwenyewe aje. Nikamwambia Maduhu asiwe na wasiwasi. Kisha nikachagua mahali pa kusimama karibu na pikipiki, kwa sababu za kitaalamu.

Walimvusha tena juu ya uzio palepale palipolala, wakamfunika macho kwa kitenge, wakamzungusha mpaka uwandani, mbali kidogo. Lango jipya lilikuwa wazi, karibu naye, linaonekana. Upande wa nyuma hapakuwa na kitu ila miiba. Minza alisimama juu ya begi ili aone. Kitenge kikaondolewa. Nikamsogelea mtamba taratibu, nikiongea naye Kisukuma, nikafungua mwavuli juu ya kichwa chake.

Aliruka. Alikimbia moja kwa moja kuelekea langoni, na nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Akalifikia. Akalipita. Hakuligeuzia hata shingo. Akazunguka kona ya uzio, mkia juu, akaenda mpaka nyuma, akasimama ghafla na pua yake kwenye miiba, akahema, akingoja afunguliwe.

Wa kwanza kucheka alikuwa Minza. Alicheka akilia, akiwa bado amesimama juu ya begi, na mumewe akaupunguza ule umbali kwa hatua chache bila kumwangalia baba yake. Mzee Nkwabi akakaa chini kama alivyoahidi, vumbini, rubega na yote.

"Mleteeni Maduhu kiti," akasema. "Na huyu mwenye mwavuli."

Tulikula wali na kuku. Lakini wakati wa kuagana Mzee Nkwabi alinishika bega. "Mchukue mtamba. Ila akirudi tena hapa, mtaalamu, hata kama ni kwa akili zake, watu watasema mahari imerudi. Siwezi kuwazuia watu."

Kwa hiyo deni lilikuwa bado. Wengine wote nilikuwa nimewalipa, au ng'ombe walinilipia. Kwa Maduhu, kumrudisha mtamba zizini hakukuwa malipo, maana Lingeka ilikuwa bado kichwani mwake. Nikamrudisha kwa Fuso, nimeziba pembeni kwa turubai lilelile la bluu, asijifunze njia mara ya pili. Nikamwambia Maduhu amfungie, amlishe, asimtoe mpaka azae.

"Ndivyo wazee wanavyosema," akasema.

"Ndivyo na sisi tunavyosema," nikajibu. "Wao walitangulia tu."

Josho lilirekebishwa. Njia ikapindwa, paa likatolewa, mlango wa kutokea ukaelekezwa majumbani. Ng'ombe wakapita wakidhani wanarudi kwao, na kwa kweli walikuwa wanarudi. Mkandarasi alikuja kuona, akasema hata yeye alikuwa na wazo kama hilo.

Mtamba wa masikio meusi alizaa ndama wa kike. Na mimi nikafika mwisho wa kazi. Waliniaga palepale karibu na josho, na safari hii nilikataa turubai. Hotuba yangu ilikuwa imefika pazuri, nikieleza kuhusu fremu ndani ya basi, wakati wingu zito lilipotokea upande wa Meatu na radi ikapasuka juu yetu bila salamu. Ng'ombe wa Maduhu walikuwa wanakula majani hapo karibu. Yule mweupe wa masikio meusi akanyanyua kichwa. Mzee Maduhu akasimama, mimi nikanyamaza. Kusini kwake kulikuwa na njia ya Lingeka. Kaskazini kulikuwa na nyumba ya Maduhu. Radi ya pili ikalia, akageuka, ndama nyuma yake, akaenda kaskazini akikata shamba la pamba, akaingia lango la Maduhu bila kugusa mwiba hata mmoja.

"Deni limekwisha!" Mzee Maduhu akapiga kelele. "Wabeja, asante, Bwana Mifugo! Umemlipa kila mtu!"

Nilitaka kumjibu vizuri, mbele ya watu, lakini mvua ilishuka yote kwa pamoja, na watu wakatawanyika. Nami nilikimbia. Maji yalinijaa machoni sioni kitu, radi inapiga, miguu inakwenda. Niliposimama nilikuwa nimelowa hadi mifupa, nimenyoosha mkono mbele kutafuta mlango. Hakukuwa na mlango. Kulikuwa na minyaa tu, na mbele yangu mahali pale ambapo jiko la mama yangu lilikuwa. Ng'ambo ya barabara, bati langu jekundu lilikuwa linapigwa na mvua, baraza kavu kabisa.

Mzee Maduhu alinikuta hapo, gunia kichwani. Alinitazama, akaitazama minyaa, akaitazama nyumba yangu. Nilimwona akijizuia, na nilimwona akishindwa.

"Bwana Mifugo," akasema, "kwani lango lako lilihamishwa lini?"